Gayfield, Bayview, Dumbarton, Ainslie Park au Cowdenbeath: Jumamosi hii uende uwanja upi?

Wengi wetu tulilijua soka la Uskoti kupitia Victor Wanyama, usiku ule wa Novemba 2012 alipowapanda mabeki wa Barcelona, akafunga kwa kichwa, na Celtic wakashinda 2-1. Tangu hapo mtu akisikia Uskoti anajua Celtic na Rangers, basi. Sasa uko huku mwenyewe. Unasoma Glasgow, unafanya kazi ya zamu Dundee, au umekuja Edinburgh kumtembelea dada yako. Jumamosi umepumzika, tiketi za wakubwa zimeisha au bei imekushinda, na umeshauriwa uende kutazama timu ndogo. Ndogo ipi?

Hapo ndipo watu hukwama, kwa sababu ziko nyingi. Ligi ya Uskoti ina klabu 42: 12 katika Ligi Kuu, na 10 katika kila daraja kati ya matatu yaliyo chini yake. Nchi nzima ina watu milioni tano na nusu hivi. Kwa hiyo mji mdogo ambao kwingine ungekuwa na timu ya mtaa tu, hapa una klabu iliyopita karne, uwanja wake, na mashabiki waliorithishwa timu na babu zao. Chini ya klabu hizo 42 ziko ligi nyingine zenye timu ambazo zamani zilikuwa juu.

Nimechukua viwanja vitano ambavyo mtu anaweza kwenda na kurudi siku hiyo hiyo kwa treni au basi. Sitakupa bingwa, maana anayetafuta upepo wa bahari na anayempeleka mtoto wa miaka sita hawatafuti kitu kimoja.

## Nimepima kwa vigezo gani

Kufika. Mechi nyingi huanza saa tisa alasiri Jumamosi. Desemba jua linazama kabla ya saa kumi, kwa hiyo safari ya kurudi ni ya gizani na baridi. Umbali kutoka stesheni una maana kuliko unavyodhani ukiutazama kwenye ramani ukiwa umekaa sebuleni.

Uwanja wenyewe. Unakaa au unasimama? Kuna paa? Na chini kuna nini, nyasi za kweli au za bandia? Hili la nyasi linagawa watu. Wazee hawataki kuzisikia nyasi bandia: mpira unadunda ovyo, magoti yanachubuka. Lakini mhasibu wa klabu anazipenda, na ana hoja. Uwanja wa nyasi za kweli ukichezewa mara mbili kwa wiki wakati wa mvua za Januari unageuka tope. Wa bandia unakodishwa kila jioni kwa watoto wa shule, timu za wanawake na wazee wanaopunguza vitambi, na kila saa inaleta pesa. Klabu za Ligi Kuu zilipiga kura kwamba kuanzia msimu wa 2026/27 nyasi bandia zisiwepo kwao. Madaraja ya chini yameachiwa ruhusa, na yasingeachiwa, klabu kadhaa zingepoteza chanzo kikubwa cha mapato.

Hali ya klabu. Nimeweka hiki kwa makusudi, maana unapolipa kiingilio huku chini pesa yako inaonekana. Wachezaji wengi wa madaraja mawili ya mwisho ni wa muda: mchana ni fundi umeme, mwalimu au dereva, jioni mbili kwa wiki anafanya mazoezi. Na tangu 2015 hakuna tena usalama wa kushika mkia. Klabu ya 42 hucheza mchujo na timu inayopanda kutoka ligi za chini, Highland na Lowland, na ikishindwa inatoka kwenye ligi. Zamani ungeweza kumaliza wa mwisho mwaka baada ya mwaka na msimu ujao ukaanza kama kawaida. Mchujo huo umeshazitoa East Stirlingshire mwaka 2016, Berwick Rangers 2019, Brechin City 2021, Cowdenbeath 2022, Albion Rovers 2023 na Bonnyrigg Rose 2025. Hao Bonnyrigg Rose, kabla ya kushuka, walikuwa wamepokwa pointi 6 kwa sababu uwanja wao una mteremko unaozidi kanuni. Mteremko! Timu imecheza juu yake miaka nenda rudi, leo ndiyo unaikatia pointi.

Anayefaa kwenda. Hili utaliona lenyewe.

Bei nimeiacha nje, kwa kuwa haitakusaidia kuchagua. Katika daraja la tatu na la nne mtu mzima hulipa kati ya pauni 15 na 20 hivi, daraja la pili huzidi kidogo, na watoto hupunguziwa sana.

## Gayfield Park, Arbroath

Kufika. Kutoka Dundee ni kama dakika 20 kwa treni, reli ikifuata pwani. Kutoka Edinburgh au Glasgow jiandae kwa saa moja na nusu hadi mbili. Ukishuka stesheni unatembea robo saa kuelekea baharini, na huwezi kupotea.

Uwanja wenyewe. Arbroath wako Gayfield tangu 1880, na bahari iko nyuma ya ukuta. Sisemi karibu na bahari; siku ya dhoruba rasharasha za mawimbi huvuka ukuta na kuwalowesha waliosimama. Mtu wa pwani anaweza kujiona anaujua upepo kwa sababu amekulia kwenye kusi, lakini kusi ina msimu wake na adabu yake. Huu wa Bahari ya Kaskazini unabadili mechi. Mlinda mlango anapiga mpira mrefu, unapanda, unasita angani kama uliosahau kitu, kisha unarudi kumwangukia beki wake mwenyewe. Timu ngeni hutumia kipindi kizima kujifunza kwamba huku mpira unachezwa chini. Wenyeji wamezaliwa wanajua.

Kuna jukwaa moja la viti, na pande nyingine tatu watu husimama kwenye ngazi za zege, sehemu kubwa ikiwa na paa. Katika mechi ambazo mashabiki hawatenganishwi, mapumziko yakifika utaona watu wanahama, wanazunguka uwanja kwenda kusimama nyuma ya goli ambalo timu yao italishambulia kipindi cha pili. Ni desturi ya zamani iliyokufa kwenye viwanja vikubwa.

Usiondoke bila kufika bandarini. Pale wanauza samaki wanaobeba jina la mji: hadoki wawili wanafungwa mkia kwa mkia, wanatundikwa kwenye mti, kisha wanaokwa kwa moshi wa kuni ngumu ndani ya pipa lililofunikwa kwa magunia mpaka ngozi inakuwa rangi ya shaba. Tangu 2004 jina hilo linalindwa kisheria, na ni lazima samaki aandaliwe ndani ya kilomita 8 za mji. Mla samaki wa Mwanza au Kigoma atamwelewa mara moja, ila atauliza ugali uko wapi.

Hali ya klabu. Nzuri kuliko ukubwa wake. Hawa ndio walioweka matokeo ambayo hayajavunjwa katika mechi rasmi za Uskoti: tarehe 12 Septemba 1885 waliwafunga Bon Accord wa Aberdeen 36-0 katika Kombe la Uskoti, na kijana John Petrie peke yake akafunga 13. (Siku hiyo hiyo Dundee Harp waliwafunga Aberdeen Rovers 35-0. Ilikuwa siku mbaya kwa watu wa Aberdeen.) Lakini cha kushangaza zaidi ni cha juzi tu. Msimu wa 2021/22, wakiwa na wachezaji wa muda chini ya kocha Dick Campbell, walimaliza wa pili katika daraja la pili, pointi mbili nyuma ya Kilmarnock. Timu ya mafundi na walimu ilikaribia kuingia Ligi Kuu. Walishuka 2024, wakatwaa ubingwa wa daraja la tatu msimu uliofuata, na wakaanza 2025/26 wakiwa wamerudi daraja la pili.

Anayefaa. Anayetaka kusimama, kupigwa na hali ya hewa na kuwa na la kusimulia. Mwenye mtoto mchanga au mgonjwa wa kifua aende Agosti tu.

## Bayview, Methil

Kufika. Hapa mambo yamebadilika kabisa. Reli ya Leven ilifungwa kwa abiria 1969, na kwa miaka 55 shabiki asiye na gari alihangaika na mabasi ya Fife. Juni 2024 ikafunguliwa upya. Sasa unapanda treni Edinburgh, unavuka daraja la reli la Forth lililofunguliwa 1890, na baada ya zaidi kidogo ya saa moja unashuka Leven, ng'ambo ya mto kutoka Methil. Zilizobaki ni dakika chache za miguu. Treni zinazopitia Kirkcaldy zinapita pembeni ya Stark's Park, uwanja wa Raith Rovers, kiasi kwamba unaweza kuhesabu majukwaa ukiwa dirishani.

Uwanja wenyewe. Ulifunguliwa 1998 jirani na gati za Methil, ambazo enzi za makaa ya mawe zilikuwa zikisafirisha shehena kubwa. Una jukwaa moja tu, la viti chini ya 2,000, na pande tatu zilizobaki ni uzio na upepo. Sitakudanganya: si uwanja wa kupendeza. Ulijengwa kwa pesa ya kuuza ule wa zamani, na unafanana na viwanja vingi vya wakati huo vilivyojengwa kwa hesabu kali. Faida yake ni kwamba kila aliye ndani anakaa, ana paa juu ya kichwa, na anaona vizuri. Nyasi ni za bandia, kwa hiyo mechi haiahirishwi ovyo.

Hali ya klabu. East Fife wana historia inayozidi ukubwa wa uwanja wao. Mwaka 1938, wakiwa daraja la pili, walitwaa Kombe la Uskoti kwa kuwafunga Kilmarnock 4-2 katika mechi ya marudiano. Ilichukua hadi 2016, Hibernian walipolitwaa, kwa timu nyingine isiyo ya daraja la juu kufanya hivyo. Wakaongeza Kombe la Ligi mara tatu, 1947, 1949 na 1953. Kisha migodi ikafungwa, gati zikapungua kazi, na klabu ikateremka pamoja na mji. Msimu wa 2024/25 walipanda kupitia mchujo na kurudi daraja la tatu.

Anayefaa. Anayeogopa kwenda bure, familia, na yeyote ambaye hajawahi kuvuka daraja la Forth. Safari yenyewe ni nusu ya siku. Anayetafuta uwanja wenye sura ya kale ataona ameuziwa mbuzi kwenye gunia.

## Uwanja wa Dumbarton, chini ya Mwamba

Kufika. Ukiwa Glasgow hapa ndipo karibu: nusu saa hivi kwa treni hadi Dumbarton East, na kama dakika kumi kwa miguu.

Uwanja wenyewe. Picha zake zote mtandaoni zina kitu kimoja: mwamba mkubwa wa volkeno uliosimama juu ya uwanja, na ngome kileleni. Hazijatiwa chumvi. Enda mapema asubuhi, lipia kiingilio cha ngome, panda ngazi zake zinazozidi 500, na ukifika juu utauona uwanja mzima chini yako, mto Clyde upande mmoja na milima upande mwingine. Kwa mtazamo huo hakuna wa kushindana nao kati ya hivi vitano. Ukishuka na kuingia ndani, hata hivyo, unakuta jukwaa moja la watu 2,000 hivi na pande tatu tupu, sawa na Bayview, ila hapa nyasi ni za kweli na jirani yake ni mto. Mvua ikizidi, maji hutuama.

Uwanja huu ni wa 2000. Kabla yake Dumbarton walikuwa Boghead tangu 1879, uwanja mkongwe uliochakaa hadi wakauuza, na leo pale ni nyumba za watu. Ndiyo hadithi ya nusu ya klabu hizi: ardhi ya katikati ya mji ina thamani kuliko timu inayoichezea.

Hali ya klabu. Hapa nitakaa kidogo, maana ukitaka kuelewa madaraja ya chini yanavyoumwa, Dumbarton ndio mfano. Hawa ni mabingwa wa kwanza wa ligi ya Uskoti. Msimu wa 1890/91 waligawana ubingwa na Rangers, na uliofuata wakautwaa peke yao. Klabu ya namna hiyo, Novemba 2024, iliwekwa chini ya wasimamizi wa ufilisi. Sababu iliyotolewa haikuhusu mishahara mikubwa ya wachezaji wala kocha wa bei mbaya. Ilikuwa ni fedha zilizotarajiwa kutokana na mauzo ya ardhi, na hazikufika. Ligi ikawakata pointi 15 papo hapo, kama kanuni inavyotaka, na mwisho wa msimu wakashuka daraja la nne.

Mwezi mmoja kabla yao, Inverness Caledonian Thistle, waliotwaa Kombe la Uskoti 2015, walikuwa wameangukia shimo hilo hilo na kukatwa pointi 15 zile zile. Wao waliponea chupuchupu na kubaki daraja la tatu. Klabu mbili za daraja moja, msimu mmoja. Mimi naona kanuni ya kukata pointi inawaadhibu wasiohusika: mwenye klabu aliyesaini mkataba mbovu hayupo jukwaani Jumamosi, aliyepo ni mzee mwenye tiketi ya msimu. Wapo wanaosema bila adhabu kila klabu ingekopa na kutangaza ufilisi, na hilo nalo si la kupuuza.

Mwaka 2025 mfanyabiashara kutoka Kanada akainunua klabu na ikatoka mikononi mwa wasimamizi. Kipindi chote hicho mashabiki walikuwa wakichangishana ili milango isifungwe.

Anayefaa. Aliye Glasgow bila muda mwingi, mpenda picha, mpenda historia, na anayetaka pauni yake iende inakohitajika.

## Ainslie Park, Edinburgh

Kufika. Basi la mjini tu kutoka katikati ya Edinburgh kuelekea kaskazini, upande wa Pilton. Huhitaji hata kuangalia ratiba ya treni.

Uwanja wenyewe. Nyasi bandia, jukwaa dogo la viti, na sehemu za kusimama kuzunguka. Ni mdogo, safi, na kila kitu kinafanya kazi. Jumamosi ikiisha pale hapafungwi: watoto, vijana na wasichana wanafanya mazoezi wiki nzima, na timu ya wanawake ya Spartans inachezea hapo hapo.

Hali ya klabu. Spartans walianzishwa 1951 na waliokuwa wachezaji wa Chuo Kikuu cha Edinburgh, wakakaa nje ya ligi miongo mingi, wakaingia 2023 kwa kuwatoa Albion Rovers. Taasisi yao ya kijamii inaendesha shughuli za vijana katika mitaa ambayo kwa kipimo cha Edinburgh ni ya watu wa kipato kidogo. Kati ya hizi tano, hii ndiyo klabu ambayo nisingeihofia kifedha, na sababu ni kwamba haikujengwa juu ya matumaini ya kupanda. Walianza 2025/26 daraja la nne.

Anayefaa. Mwenye watoto, mwanafunzi asiye na nauli ya mbali, na anayetaka kutazama soka la wanawake pia. Kelele ni chache. Anayetaka nyimbo na matusi ya kufurahisha hatayapata ya kutosha.

## Central Park, Cowdenbeath

Kufika. Treni kutoka Edinburgh hadi stesheni ya Cowdenbeath, na uwanja uko karibu mno na stesheni.

Uwanja wenyewe. Uwanja umezungukwa na barabara ya lami ya mashindano ya magari ya kugongana, yanayofanyika hapo tangu miaka ya 1960. Kati yako na mchezaji kuna barabara, kuna vizuizi, na mara nyingine kuna harufu ya matairi ya wiki iliyopita. Ni mbali na mpira kuliko ilivyo kawaida kwa viwanja vya huku chini. Wengine wanaona ni balaa. Mimi naona ni ukweli mtupu: magari yameilipia klabu bili nyingi kuliko kona na adhabu.

Hali ya klabu. Mji wa makaa ya mawe usiokuwa na makaa tena. Mashabiki, kwa utani wa watu wanaojua hali yao, wanajiita Brazil ya Buluu. Walishuka kutoka kwenye ligi 2022 na msimu wa 2025/26 walikuwa bado Lowland League, daraja la tano.

Anayefaa. Mkusanyaji wa viwanja vya ajabu. Kwa mtu anayetazama soka la Uskoti kwa mara ya kwanza, ningemwambia aanze kwingine.

## Mambo ya tumbo, ibada na mavazi

Chakula cha uwanjani ni pai na kikombe cha Bovril, yaani mchuzi mzito wa ng'ombe unaonywewa kama chai. Pai ya Kiskoti ni ndogo, ya mviringo, na ukingo wake umeinuka juu ya kifuniko. Ndani kwa kawaida ni kondoo wa kusaga mwenye pilipili manga. Ng'ata taratibu, mafuta yake yanatoka ya moto hadi kwenye kiwiko. Kwa Waislamu: usichukulie kuwa ni halali, kwa kawaida siyo. Beba chako au kula chipsi, na hata hizo uliza zimekaangwa kwa mafuta gani.

Pombe haiuzwi majukwaani. Ilipigwa marufuku baada ya vurugu za fainali ya Kombe la Uskoti ya 1980 kati ya Celtic na Rangers, na marufuku hiyo imewakuta hata wasiokuwemo. Kwa aliyekuja na watoto, ni nafuu.

Katikati ya Desemba, magharibi inaingia kipindi cha kwanza hakijaisha, kwa hiyo anayeswali ajipangie mapumziko. Dakika 15 zinatosha, na kona tulivu haikosekani watu wakiwa mia chache. Vaa tabaka mbili zaidi ya ulizodhani na soksi nzito, maana zege linapandisha baridi kutoka miguuni. Na mgeni huku anaonekana. Utaongeleshwa na mzee wa pembeni kwa lafudhi ambayo hukufundishwa shuleni. Mwache aseme, mwulize goli bora alilowahi kuliona, na dakika 90 zitaisha.

## Basi uchague hivi

Ukiwa Glasgow na una nusu siku tu, Dumbarton. Ukiwa na siku nzima na nauli, Arbroath, tena shuka saa tano asubuhi upate samaki kabla ya mechi.

Ukiwa Edinburgh na watoto wadogo, Ainslie Park. Watoto wakishakua na kuanza kuuliza maswali ya treni na madaraja, wapeleke Bayview.

Kama unachojali ni kiwango cha mpira, fuata daraja: msimu wa 2025/26 Arbroath walikuwa juu ya wengine wote hapa, East Fife wakifuata, kisha Dumbarton na Spartans, na Cowdenbeath mwisho. Lakini madaraja hubadilika kila Mei, angalia msimamo kabla ya kununua tiketi.

Kama unataka kuona klabu inapigania uhai, Dumbarton au Cowdenbeath. Kama unataka kuona namna klabu ndogo inavyoweza kujiendesha bila kukopa ndoto, Spartans.

Na ikiwa huna hata hiyo pauni 15, nenda Cathkin Park, kusini mwa Glasgow. Third Lanark, mabingwa wa Uskoti wa 1903/04, walikufa hapo 1967. Uwanja ukawa bustani ya umma, na ngazi za kusimamia bado ziko pande tatu, miti imeota katikati ya vyuma vya kuegemea. Hakuna kiingilio.

Jambo la mwisho ni la kalenda. Kuanzia Desemba hadi Februari viwanja vya nyasi za kweli huganda au kujaa maji, na mwamuzi anaweza kuukataa uwanja asubuhi ya mechi, wewe ukiwa tayari kwenye treni. Miezi hiyo tanguliza Bayview na Ainslie Park, na angalia tangazo la klabu kabla ya kutoka nyumbani. Gayfield na Dumbarton ziweke Agosti, Septemba au Aprili, isipokuwa kama upepo ndio unaoufuata. Hapo Januari ya Arbroath itakutosheleza.